Pijo 504 ya marehemu baba: naifufua mwenyewe uani, Wawi, Pemba

PijoYaWawi (Januari)

Assalaam alaykum wakuu, na habari za leo kwa nyote.

Nasoma humu siku nyingi bila kuandika. Leo nafungua uzi kwa sababu nimeanza kazi ambayo peke yangu siiwezi. Uani kwetu, chini ya mwembe, ipo Peugeot 504 steshenwagoni ya 1979, ile ya viti safu tatu. Baba aliinunua Mombasa katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa huku visiwani. Imebeba magunia ya karafuu mpaka matako yake yakakaa chini, imebeba masufuria ya harusi, imebeba kina mama wenye uchungu usiku wa manane kabla mtaa wetu haujawa na gari nyengine. Baba amefariki miaka sita sasa. Gari ilisimama miaka minne kabla yake.

Mie ni mwalimu wa skuli, ufundi nimeuona kwa kushika taa tu wakati baba akifanya kazi. Nina shilingi milioni tatu na nusu nilizoweka kidogo kidogo, nina turubai, nina jeki moja, na nina Ijumaa jioni na Jumamosi na Jumapili. Kabla ya yote nilitia oili kwenye matundu ya plagi, nikaiacha siku nne, kisha nikaizungusha injini kwa spana. Ikazunguka. Nakiri nilikaa chini nikatulia kidogo.

Fikra yangu ni kuanza na rangi, ili nyumbani waone kuna kinachofanyika wapate moyo, halafu injini. Naombeni ushauri.

Fundi_Mwanakwerekwe

Waalaykum salaam mwalimu. Allah amrehemu mzee. Sasa simama hapo hapo, usinunue rangi.

Mie nafanya bodi Unguja, mwaka wa ishirini na mbili huu. Gari ya kisiwani usiitizame kwa juu. Toa mazulia yote, toa viti, kisha chukua bisibisi ya bapa na nyundo ndogo, ingia chini. Gonga kila shibiri. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Palipo kimya, choma kwa bisibisi. Ikipita, tia alama ya chaki.

Kwenye 504 gonga hasa vizingiti vya chini ya milango, sakafu wanapoweka miguu abiria, kona za mlango wa nyuma, na ndani ya boneti pale juu shokapu za mbele zinapofungwa. Hapo pa shokapu ndipo pa kuogopa zaidi, maana uzito wote wa mbele umekaa hapo. Pakiachia ukiwa njiani gurudumu linakwenda upande wake.

Na jeki moja haitoshi. Usilale chini ya gari iliyokaa kwenye jeki, wala usiweke matofali ya saruji, yanapasuka bila taarifa. Tafuta magogo mazito uyapange msalaba.

PijoYaWawi

Nimegonga siku mbili. Nimetumia chaki nzima na nusu.

Sakafu ya mbele kushoto hakuna, kuna zulia tu lililokuwa limeshikilia umbo. Vizingiti vyote viwili vimekwisha kwa ndani. Sehemu za shokapu alhamdulillahi zinalia, ila ya kulia ina kutu ya juu juu. Nyuma, chini ya safu ya tatu, nilipokunjua zulia nikakuta karafuu. Kavu, nyeusi, zimejipanga kwenye mikunjo ya bati kama mtu alizipanda kwa mstari. Harufu bado ipo. Na chini ya kila mstari wa karafuu, bati limeliwa. Zilikuwa zinashika unyevu humo miaka yote hiyo.

Kilichonikera ni kizingiti cha kulia. Nje kilikuwa kizuri, kimenyooka, kina rangi. Nilipochoma, bisibisi ikazama kwenye fila, ule udongo wa kuzibia bodi, nene kama vidole viwili, na nyuma ya fila kuna gazeti lililokunjwa na kushindiliwa. Miaka mingi nyuma baba aliipeleka gari kwa fundi mmoja wa bodi akalipa pesa ya bati jipya. Nakumbuka siku aliyokwenda kuichukua, alivyokuwa na furaha. Simtaji aliyefanya na wala simtafuti. Lakini naandika hapa kila anayepeleka gari kwa fundi aombe kuliona bati kabla halijapakwa kitu.

Kijana wa Konde

Mwalimu samahani kwa suali langu. Hiyo milioni tatu na nusu si bora ukaongeza ukatafuta Toyota Probox iliyotumika? Nayo ni steshenwagoni, vipuri vyake vipo kila duka, mafuta haili. Hiyo Pijo ukiimaliza utakuwa na gari ya miaka arubaini na zaidi ambayo vipuri unavisaka Mombasa.

PijoYaWawi

Suali lako ni la haki, wala halinikeri. Probox ni gari nzuri na mtu anayetaka gari ya kumpeleka kazini kesho asubuhi namshauri hiyo. Mie kazini nakwenda kwa baskeli.

Nataka hii. Kwenye usukani rangi imekwisha pale mikono ya baba ilipokuwa ikikaa, kama mishale ya saa nne na dakika kumi. Hakuna duka linalouza kitu hicho.

Mvita504

Salamu kutoka Mombasa. Umenifurahisha sana, mimi ninayo pikapu ya 504 na marehemu mjomba alikuwa na Familiale, ile ya safu tatu kama yako.

Ngoja nikuondoe wasiwasi wa vipuri. Ufaransa waliacha kutengeneza 504 saluni mwaka 1983, lakini hapa Kenya na kule Kaduna, Nigeria, ziliendelea kuunganishwa miaka mingi baadaye. Kwa hivyo vitu vya injini bado vinapatikana huku, vipya na vya kufungua. Gari yenyewe ilitoka 1968, mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari ya Mwaka ya Ulaya. Na sisi huku tunaijua kwa Safari Rally, iliposhinda 1975 na 1978. Hata kabla yake, Pijo 404 ilishinda 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, na Shankland alikuwa mtu wa Dar es Salaam. Pijo na Tanzania ni watu wa zamani.

Angalizo moja muhimu: steshenwagoni si saluni iliyoongezwa mgongo. Kwenye yako, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.90, saluni ni 2.74. Nyuma yako ni ekseli nzima, na kila upande una springi mbili, ndogo na kubwa. Saluni nyingi nyuma kila gurudumu lina mkono wake. Kwa hivyo mtu akikuuzia shokapu au springi za nyuma za 504, muulize zimetoka kwenye gari gani. Za pikapu pia si zako. Breki zako za nyuma ni ngoma, saluni nyingi ni diski.

Fundi_Mwanakwerekwe

Mvita amesema kweli. Mwalimu, kabla hujakata: usikate vizingiti viwili kwa pamoja. Fanya upande mmoja, umalize, ndipo wa pili. Na kabla ya kukata, funga milango, pima pengo la mlango juu na chini uandike, kisha chomelea chuma cha pembe kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma ndani ya gari kikushikilie umbo. Steshenwagoni ni ndefu, ukiinyima kizingiti bila kuishikilia inajikunja katikati, halafu milango haitofunga maisha.

PijoYaWawi (Machi)

Mrejesho. Nimekaa kimya wiki tano kwa sababu nilikuwa nakimbizana na masika.

Bati nilinunua la unene wa milimita moja. Mashine ya kuchomelea nilikodi kwa siku, na kijana jirani ambaye kazi yake ni mageti akanifundisha. Siku ya kwanza nilitoboa kuliko nilivyounga. Bati jembamba halitaki mstari mrefu, linataka nukta: unagusa, unaacha, unahama upande wa pili, unarudi. Tulitumia vijiti vyembamba vya milimita 2 na umeme wa chini kabisa. Kazi yote ilifanyika asubuhi, maana jioni watu wakiwasha vyao umeme unashuka na kijiti kinanata.

Kizingiti cha kushoto kilichukua wikiendi tatu. Cha kulia, moja na nusu. Mlango unafunga kwa mlio ule ule wa zamani, mama aliusikia akiwa jikoni akatoka kutizama nani amekuja.

Vitu vidogo vyenye kutu, bawaba, bolti, mabano ya bampa, sikuvipiga msasa. Nimetumia njia ninayowafundisha wanafunzi: ndoo ya plastiki, maji, magadi kijiko kikubwa kwa kila lita, na chaja ya betri. Waya hasi unaufunga kwenye kipande chenye kutu. Waya chanya kwenye kipande cha nondo unachoweza kukipoteza, na visigusane. Baada ya usiku mmoja kutu inageuka uji mweusi unaotoka kwa brashi. Tafadhalini, msitumie chuma kisichoshika kutu kama vijiko au sufuria badala ya nondo, inatoa sumu ndani ya maji. Na fanyeni nje, penye hewa, bila sigara wala moto karibu, maana mapovu yale ni gesi inayolipuka. Vikitoka, kausha na upake praima saa ile ile. Kwa hewa yetu, ukiacha mpaka kesho utakuta rangi ya chungwa imeshaanza.

Mshonaji_Wete

Mwanangu hongera, baba yako angefurahi. Mie nashona viti vya magari na makochi. Nina neno moja kabla hujafika kwenye viti: usizibe matundu ya kutolea maji kwenye sakafu na milango. Watu wengi wakitengeneza sakafu mpya wanayaziba, halafu wanakuja kwangu sponji limeoza wanasema kitambaa kibaya.

PijoYaWawi

Ahsante sana Bi. Nilikuwa nimeshaziba mawili. Nimeyatoboa leo.

Kijana wa Konde

Mwalimu, tenki la mafuta umelifanyaje? La kwetu lilikuwa na kutu ndani, fundi alitaka kuliziba kwa gesi.

Fundi_Mwanakwerekwe

Wallahi usimruhusu. Tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa. Petroli ikiisha mvuke unabaki, hata baada ya miaka, na cheche moja inatosha. Nimemzika mwenzangu kwa jambo hili, siandiki zaidi. Litoe, tia maji ya moto na sabuni mara kadhaa, kisha weka mnyororo mdogo na kokoto ndani, litikise kutoa kutu. Tundu dogo lizibwe kwa gundi ya chuma ya kuchanganya, tundu kubwa tafuta tenki jengine.

PijoYaWawi (Aprili)

Leo naandika nikiwa nimevunjika moyo.

Mvua zimeanza, nikahamia kwenye injini chini ya turubai. Ni ile ya petroli ya sentimita za ujazo 1971. Nilifungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kwa sababu gasketi ilikuwa imeliwa, na hedi yenyewe, ambayo ni alumini, ilikuwa na vishimo pale maji yanapopita. Hilo nalijua limetoka wapi. Tulikuwa tukijaza rediata maji ya kisima, na kisima chetu kina chumvi kidogo. Hedi nimeipeleka kusawazishwa, wamesema itafaa.

Wakati hedi haipo, nilitaka kusafisha vichwa vya pistoni. Nikawa naizungusha injini kupandisha moja, kushusha nyengine. Nikasikia kama kitu kimenyonya, nikatizama nikaona silivu ya pili, lile bomba ambalo pistoni inapanda na kushuka ndani yake, imepanda pamoja na pistoni, kidogo tu, kama unene wa ukucha. Nikaisukuma ikarudi. Niliporudisha kila kitu na kutia maji, asubuhi kijiti cha oili kikatoka na rangi ya chai ya maziwa.

Mvita504

Pole sana ndugu yangu. Hilo linawapata wengi, hata mafundi wa miaka, kwa sababu magari mengi tuliyozoea silinda zake zimetobolewa kwenye bloku lenyewe. Pijo silivu zake zimekaa ndani ya maji, zimesimama juu ya sili chini, na kinachozishikilia ni hedi tu. Ukitoa hedi ukazungusha, pistoni inaivuta silivu, sili inavunja kikao chake, na maji yanashuka kwenye oili.

Usiiwashe kabisa. Mwaga oili na maji yote. Itabidi utoe hedi tena, sampu (beseni la oili la chini), pistoni, na silivu zote nne, usitoe moja. Safisha kikao chake mpaka kiwe kikavu na laini, weka sili mpya. Silivu zikikaa lazima zichungulie juu ya bloku kidogo na kwa usawa, weka rula ya chuma juu yake. Kisha kabla hujafanya jambo jengine, zifunge kwa bolti na washa kubwa zisiinuke tena.

Sili nitakutafutia mimi. Niandikie pembeni.

PijoYaWawi

Ndugu yangu Mvita, sijui nikushukuruje. Zimefika, zimefungwa kwenye kikasha cha maziwa, kupitia kwa mtu na mtu mpaka Chake. Kazi imenichukua wiki tatu. Oili ni safi siku ya kumi leo.

Maji ya kisima tena hapana. Nimekinga ya mvua kutoka bati safi, nimeyachuja, nimechanganya na kulanti, dawa ya rediata, nusu kwa nusu. Kwa wenye hedi za alumini huku visiwani nasisitiza jambo hili kuliko yote ya injini.

PijoYaWawi (Mei)

Haiwaki. Cheche ipo kwa plagi zote, petroli inafika, kabureta nimeisafisha, plati za distribyuta nimepima. Inapiga chafya kwenye kabureta kwa nguvu, moto kidogo, basi. Waya nimepanga 1-3-4-2 kama kitabu kinavyosema. Vali nimepima injini ikiwa baridi, milimita 0.10 za kuingiza na 0.25 za kutolea.

Mvita504

Namba moja yako iko wapi?

PijoYaWawi

Mbele, upande wa rediata.

Mvita504

Basi hapo ndipo ilipo shida. Kwenye 504 silinda namba moja iko nyuma, upande wa flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), karibu na dereva. Umeihesabu kinyume, kwa hivyo cheche inakuja wakati vali ziko wazi, ndiyo maana inatemea kwenye kabureta. Hamisha kila waya kwenye kifuniko cha distribyuta uende upande unaomkabili.

PijoYaWawi

IMEWAKA.

Saa tano na dakika kumi asubuhi. Mara ya tatu ya kuzungusha. Ilitoa moshi wa oili niliyotia, kisha ukakata, na sauti ikatulia. Mlio wa Pijo mnaujua, ule wa chini chini kama mtu anayesoma peke yake. Watoto wa mtaani walikuja mbio. Mama hakusema kitu, alisimama mlangoni ameshika kanga mdomoni.

Fundi_Mwanakwerekwe

Mabruk mwalimu! Sasa usitoke nje ya geti mpaka ufanye breki.

PijoYaWawi

Nimekusikia shekhe. Juni yote ilikuwa ya breki na sitaandika mengi maana haina utamu wa kusimulia, ila ndiyo sehemu ambayo sikupunguza hata shilingi. Paipu za chuma zinazopita chini zilikuwa zimeliwa, nyengine niliivunja kwa kidole. Nimevuta zote upya kwa paipu ya shaba ya breki, masta silinda mpya, wili silinda za nyuma mpya, mipira yote mipya. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa, na kwa hewa yetu nitayabadilisha kila mwaka, sitangoja miwili.

Pemba si tambarare jamani. Mtu anayeteremka mlima na familia nyuma hana pa kwenda breki zikikataa.

Feni ya hii gari ina klachi ya sumaku, inashika maji yakipata moto. Yangu waya ulikuwa umekatika. Nimeshauriwa niifunge izunguke moja kwa moja, lakini nimeirudisha kama ilivyokuwa kiwandani, kwa kaboni mpya. Ni shilingi chache na inafanya kazi.

Mshonaji_Wete

Viti umeleta hali gani, maana nasikia umemaliza injini?

PijoYaWawi

Bi, nitakuletea fremu za safu ya pili na ya tatu Jumapili inshallah. Springi zake nimezisafisha kwa magadi na kuzipaka. Cha dereva naomba usibadilishe ngozi yake, shona pale palipopasuka tu.

Mshonaji_Wete

Nimekufahamu mwanangu. Nitatumia uzi wa rangi ile ile.

Kijana wa Konde

Na rangi mwalimu? Mbona husemi rangi?

PijoYaWawi (Julai)

Rangi imekuja mwisho, kama fundi alivyoniagiza. Ndani ya vizingiti vipya kwanza nimenyunyiza nta iliyoyeyushwa na oili kwa mpira mwembamba, mpaka ikatoka kwenye matundu ya chini. Hiyo ndiyo rangi ya maana kuliko ya nje.

Ya nje ni ile ile nyeupe ya zamani. Nilikodi kompresa siku mbili. Siku ya kwanza niliharibu: nilianza alfajiri kukwepa upepo wa kusi na vumbi lake, hewa bado ina umande, boneti ikakauka na ukungu mweupe juu yake kama kioo kilichopumuliwa. Nikasugua yote kwa msasa wa maji. Siku ya pili nilingoja saa tatu jua likaushe hewa, nikamwagia maji ardhi yote ya uani kuzuia vumbi, ikatoka vizuri. Si rangi ya gereji kubwa. Ukisogea karibu utaona pale kizingiti kinapoungana na nguzo. Lakini nyuma yake ni bati.

Hesabu, kwa aliyeuliza pembeni. Bati, vijiti na kukodi mashine 620,000. Injini yote pamoja na kusawazisha hedi 780,000. Breki 540,000. Rediata na mipira ya maji 210,000. Magurudumu manne 560,000. Betri 230,000, nyaya na taa 150,000. Viti 310,000, na Bi hakunichaji kazi ya kiti cha baba. Rangi na kompresa 480,000. Kusafirisha vipuri 190,000. Jumla 4,070,000. Nimepita bajeti kwa 570,000, na karibu zote ni za silivu: sili, gasketi ya pili, oili mara tatu. Ningeanza na rangi kama nilivyotaka, hizo 480,000 ningezilipa mara mbili, maana kuchomelea kungeiunguza yote.

PijoYaWawi (Agosti)

Imepita ukaguzi, ina rodi laisensi.

Ijumaa baada ya sala nilimtoa mama. Nikamfungulia mlango wa mbele. Akakataa, akaenda safu ya pili, kushoto, nyuma ya kiti cha abiria, akakaa na kushika ile kamba ya mlangoni bila hata kuitafuta. Tukaenda hadi Wete na kurudi, polepole. Mshale wa moto wa maji haukupita nusu. Mlimani nilitia gia ya pili nikashuka nayo. Njiani mzee mmoja alisimama akainua mkono, akidhani ni gari ya abiria kama zamani. Tukampakia.

Kasoro iliyobaki: mvua ya juzi imeingia kwa mlango wa nyuma. Raba yake imekauka, imepasuka kona ya juu kulia. Nimepakausha na kupaka nta, lakini nahitaji raba mpya.

Mvita504

Ya steshenwagoni ni ngumu kupata. Nitapita Jumatatu kwa jamaa anayevunja, ana Familiale moja nyuma ya ukuta. Nipimie urefu wa mzunguko wote wa mlango kwa uzi, si kwa tepu.

PijoYaWawi

Nitapima leo usiku. Shukran sana ndugu yangu.

Kijana wa Konde

Mwalimu, nimeupitia uzi wote tena tangu mwanzo. Babu yangu ana Corolla steshenwagoni ya zamani imekaa kwenye banda la majani huko Konde, kuku wanalala ndani. Sikuwahi kuifikiria. Naweza kuja kukuona Ijumaa?

PijoYaWawi

Karibu sana. Baada ya sala nipo nyumbani, uliza kwa mwalimu mwenye Pijo. Njoo na bisibisi ya bapa, yangu imevunjika ncha.